Pole na Kazi, Mzee Kweyu

Kuna watu huzaliwa na mkono wa biashara, wengine na mdomo wa siasa. Kweyu wa mtaa wa Mbotela alizaliwa na sikio. Alikuwa na mawili, kama wewe, lakini la kushoto lilikuwa la kusikia mambo ya nyumbani, na kwa hiyo halikutumika sana. La kulia ndilo lililomlisha kwa miaka ishirini na minane.

Kazi yake ilikuwa kugonga mikebe. Ukimwambia mtu hivyo atacheka, na Kweyu mwenyewe alizoea kucheka mapema ili asiachwe nyuma. Katika kiwanda cha maharagwe na mananasi, huko Viwandani, alisimama mwisho wa mstari na kijiti cha chuma mkononi. Mikebe ilipita mbele yake juu ya ukanda, naye akiigonga kichwani mmoja mmoja. Mkebe uliofungwa sawasawa husema ting. Mkebe ulioingiwa na hewa husema dup, na huo hutolewa kabla haujamtia mtu tumbo la kuendesha. Siku nzima ilikuwa ting, ting, ting, dup, ting. Jioni alitoka pale akiwa mtu anayejiona amewaokoa Wakenya kadhaa.

Sikio hilo liligunduliwa kwa bahati. Alikuja kutoka Butere akiwa kijana, akasimama getini na vibarua wengine, siku nane bila kuchaguliwa. Siku ya tisa, kwa hasira, aliupiga teke mkebe uliotupwa kando ya barabara, akanung'unika, "Hata huu ulikufa kabla ya kutupwa." Msimamizi alimsikia, akaufungua, akakuta kweli umeoza. Kweyu hupenda kusema kwamba wenzake waliajiriwa kwa vyeti, yeye aliajiriwa kwa teke. Kanisani hali ilikuwa tofauti. Kwaya ilimpa nafasi miezi miwili, kisha mwalimu akamwomba kwa upole awe anashika milango, kwa sababu sikio lililojua mkebe mbovu halikuwahi kuisikia sauti ya mwenyewe.

Sasa, hapa kwetu mtu akifanya kazi huambiwa pole, kana kwamba amefiwa. Na Kweyu, ambaye mshahara wake haukuwahi kumshangaza mtu, alipenda hiyo pole kuliko mshahara. Saa kumi na moja na nusu jioni alikuwa akiingia mtaani, dastikoti la kazi begani, akipunguza mwendo makusudi. Pole ya kwanza ilitoka kwa Ng'ang'a, mwenye kioski cha pembeni.

"Pole na kazi, mzee!"

"Nishapoa, Ng'ang'a."

Baada ya hapo alizunguka kwa njia ndefu, ile ipitayo mferejini pa kutekea maji, ili kina mama waliokuwa wakipiga soga hapo nao wapate nafasi ya kumpa pole. Siku njema alifika mlangoni na pole saba. Ya nane alipewa na mkewe Nasambu pamoja na chai, na hiyo aliihesabu kuwa haki yake, hata hakuijibu. Alikaa, akanyoosha miguu, akachoka mbele ya watu.

Hayo yaliendelea mpaka mwaka jana, kiwanda kilipomleta mhandisi anayeitwa Mativo, kijana mpole mwenye kompyuta na vinasa sauti.

"Mzee," Mativo alisema, "tunataka kurekodi sikio lako."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Kweyu aliuliza aanzie wapi. Kwa miezi mitatu aligonga mikebe huku kinasa sauti kikiwa kimemwelekea kama anahojiwa redioni. Alieleza mpaka siri ambazo hakuna aliyemuuliza: kwamba mkebe wa mananasi hulia kwa huzuni kidogo kuliko wa maharagwe, kwamba asubuhi ya baridi ni lazima usikilize mara mbili. Mchana walimnunulia chipsi. Jioni alimwambia Ng'ang'a, "Wana digrii, lakini hawana sikio. Imebidi waje kwa mzee." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu wetu alisifiwa akawapa na mnazi.

Mashine ya kugonga mikebe kwa sikio lake ilipokamilika waliibandika jina: KWEYU JUNIOR. Mzee alifurahi hadi macho yakalowa. Alipiga picha akiwa ameiwekea mkono begani, kama mzazi siku ya mahafali, akaiweka picha hiyo kwenye simu yake watu wote wamwone. Mbotela nzima ikajua kwamba Kweyu amepata mtoto wa chuma. Mwezi uliofuata Junior alikuwa akigonga mchana na usiku bila kwenda msalani, na Senior akaitwa ofisini. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kweyu alikuwa akisimulia kwamba yeye hakuingia tu, alishuka akiimba, na kwa sauti ile mbaya.

Walimpa haki yake na barua ya shukrani. Yeye aliomba kijiti chake, na mkebe mmoja uliokufa, wa ukumbusho.

Akaanza kukaa. Akiba ilikuwa ikipungua kama kipande cha sabuni, lakini kilichomuuma zaidi ni salamu. Siku ya kwanza alipita kwa Ng'ang'a saa nne asubuhi, na Ng'ang'a, mtu wa watu, alifungua mdomo, akaufunga, akatafuta, kisha akasema, "Mzee... uko?"

"Niko tu," Kweyu akajibu.

Basi ikawa hivyo. Uko? Niko tu. Mferejini: uko? Niko tu. Kanisani, akishika mlango: mzee, uko? Hata mtu aliyemwona kwa macho mawili alimuuliza kama yuko. Miezi mitano alikuwa hajasikia "pole na kazi" hata moja, na alikuwa tayari kubeba matofali bure ili aisikie. Akajaribu. Alirekebisha kiti cha Ng'ang'a, nacho kikamwangusha mteja. Akaacha.

Ndipo lilipokuja lile shirika la Mgao wa Wote. Habari ilifika mferejini kwanza, kama habari zote: kila mtu mzima katika nyumba zetu atapewa shilingi elfu nne kila mwezi kwa miaka mitatu. Hakuna kazi ya kufanya, hakuna semina, hakuna kupiga kura. Mwenye kazi atapewa, asiye na kazi atapewa, mwenye nyumba za kukodisha atapewa. Uandikishaji ni siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, ukumbini. Asiyejiandikisha, basi.

"Pesa ya nini?" Kweyu aliuliza.

"Ya kuwa hai," Nasambu alimjibu. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso.

"Tangu lini kuwa hai ikawa kazi?"

Ng'ang'a, aliyekuwa amepita kurudisha sufuria, akaingilia. "Mzee, kwa hii Nairobi kuwa hai ni job, tena na overtime. Chukua doo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Kweyu akasema. "Hawa wanataka kunipa cha mvunguni nikiwa nimesimama wima. Kuna kitu hapo."

Lakini si hila aliyoiogopa. Aliogopa kwamba akiipokea pesa ya kukaa, atakuwa amekubali kwa maandishi kuwa yeye ni mtu wa kukaa. Hapo hata matumaini ya ile pole yatakwisha. Alilala Jumatano akiwa amekataa. Alhamisi alikataa pia, lakini kwa sauti ya chini, maana Nasambu alikuwa amepika ugali na sukuma bila kitunguu. Alhamisi jioni Kweyu akapata njia. Pesa hiyo ataichukua, ila ataiomba kama kazi.

Akakaa mezani na kalamu, akaandika barua, kisha Ijumaa asubuhi akaipeleka saiba, kwenye kompyuta za kukodi, ikapigwe chapa. Ilisomeka hivi:

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KUPOKEA PESA KILA MWEZI

Mpendwa Mkurugenzi, nimesikia kwamba mna nafasi iliyotajwa hapo juu. Nina uzoefu wa miaka ishirini na minane katika kupokea pesa kila mwezi, na katika muda huo wote sijawahi kuchelewa kuzipokea. Ni mwaminifu, nina afya njema, na niko tayari kuanza mara moja.

Kutoka kwenye faili lake la zamani aliambatanisha barua ya chifu, barua ya pasta, cheti cha mwenendo mwema cha polisi na picha mbili za pasipoti. Akavaa tai. Katika mfuko wa kaki akatia kijiti chake, ule mkebe uliokufa, na mwingine mzima alioununua kwa Ng'ang'a, endapo watataka kumpima.

Nasambu alimtazama kutoka juu hadi chini. "Unaenda kuoa?"

"Naenda interview."

"Haya. Twende, bwana arusi."

Ukumbini palikuwa na foleni na kelele za soko. Nyuma ya meza alikaa msichana mmoja, Eve, mwenye tabuleti na subira ya muuguzi. Nasambu alitangulia. Jina, kitambulisho, nambari ya simu.

"Na hapa, mama, wanauliza kazi unayofanya kwa sasa. Ni ya utafiti tu, haibadilishi kitu."

"Sina kazi," Nasambu alisema. "Niko tu nyumbani."

Kweyu, nyuma yake, alitikisa kichwa kama shahidi aliyekubaliana na maelezo. Kisha ikawa zamu yake. Akaweka bahasha mezani kwa mikono miwili.

"Hii ni nini, baba?"

"Maombi."

Eve aliifungua, akasoma, akauma midomo. Kwa heshima zote akairudisha. "Hazihitajiki, baba. Ni jina na simu tu."

"Hata barua ya chifu?"

"Hata hiyo."

"Na sifa za mwombaji?"

"Sifa ni kuwa hai," Eve alisema. "Wazo lenyewe ni hilo. Mashine zinachukua kazi nyingi, na hatujui zitaacha ngapi. Kwa hiyo kuna wanaosema kila mtu apewe pa kusimama, kwanza, ndipo mengine yafuate. Tunajaribu tuone."

"Nikipata kazi mtanikata?"

"Hapana."

"Nikiwa mbunge?"

"Hata ukiwa mbunge, baba."

Kweyu alihisi sakafu ikimkimbia. Maisha yake yote alitafuta nafasi ambayo sifa zake anazo zote, leo ameipata, na haina hata swali moja la kujibu. "Basi nipime," akasema.

"Nikupime nini?"

Tayari mikebe miwili ilikuwa mezani. Alimweleza haraka: mmoja mzima, mmoja umekufa, nao uliokufa una alama ya X chini yake. Yeye atageuka, Eve aichanganye, kisha atautambua kwa sikio. Foleni ikaanza kunung'unika, halafu, kwa kuwa tamasha ni tamasha, ikasogea karibu. Eve aliichanganya. Kweyu akaigeukia tena meza, akachukua kijiti, akainamisha kichwa upande wa kulia.

Aligonga wa kwanza. Aligonga wa pili. Akarudia. Ukumbi ulikuwa umenyamaza, lakini alichokisikia ni moyo wake mwenyewe, na huo ulikuwa ukisema dup, dup, dup, juu ya kila kitu.

"Huu," akasema. "Huu umekufa."

Eve aliuinua, akautazama chini. Akauinua ule mwingine, na foleni nzima ikaiona X.

"Ai, mzee!" sauti ikatoka nyuma. "Junior angejua!"

Walicheka mpaka viti vikacheka nao. Hata mwangalizi wa ukumbi alicheka. Kweyu naye alicheka, kwa mazoea, ila safari hii alikuwa amechelewa, wakawa wamemtangulia. Aliirudisha mikebe mfukoni polepole. Masikio yote mawili yalikuwa yanawaka moto.

"Baba," Eve alisema kwa sauti ya chini, "hapa kwenye kazi niandike nini? Naweza kuandika mgonga mikebe."

Alifikiri. Alitaka sana aandikwe hivyo. "Andika niko tu," akasema.

Eve akaandika. Kwenye kioo cha tabuleti, mstari wa juu ulikuwa wa Nasambu, wa chini wake, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Kweyu aliyaona, akavua tai, wakaenda nyumbani.

Pesa iliingia Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Jumanne ni siku ya maji kwetu. Mfereji hufunguliwa alfajiri na kufungwa kabla ya adhuhuri. Kweyu alikuwa amejilaza kwenye kochi, ubavu wa kulia, sikio lake la kazi likiwa limezama kwenye mto. Simu mbili zililia pamoja, yake na ya Nasambu, zikileta kiasi kile kile. Hakuinuka. Alikaa akingoja ajisikie vibaya zaidi.

Ndipo lile la kushoto, lililokuwa juu bila kazi, likaanza kusikia.

Lilisikia maji yakiingia mtungini nje, sauti ikipanda kidogo kidogo jinsi yanavyojaa, na mkono ukifunga mfereji kabla hayajamwagika. Mtu huyo alikuwa akifunga kwa sikio. Lilisikia hatua nzito za kuja na hatua nyepesi za kwenda. Mtungi wa nne. Wa tano. Karai likaburutwa kwenye saruji, kipande cha sabuni kikasuguliwa, nguo zikapigwa. Jikoni kifuniko kikafunuliwa na kufunikwa, maharagwe yakaongezwa maji. Tena hatua nzito. Kisha mtungi ukatuliwa chini, na baada yake ikatoka pumzi moja, fupi, dup, isiyo na ting, ya mtu aliyeegemea ukuta akidhani hakuna anayesikia.

Kweyu aliijua sauti hiyo. Angeijua hata katika ukumbi wa watu elfu.

Miaka ishirini na minane alirudi jioni akakuta mitungi imejaa, imejipanga mlangoni, naye akaona ndivyo mitungi ilivyo. Miezi hii mitano amekaa humu humu ndani, na mitungi imejaa huku akiona. Halafu ukumbini, mbele ya watu, Nasambu kasema hana kazi, na yeye akatikisa kichwa. Aliona aibu, na hii haikuwa ile ya mikebe. Ile ilikuwa na watazamaji wa kumsaidia kucheka.

Akatoka nje. Nasambu alikuwa ameinamia karai, amefunga leso kiunoni, akipambana na blanketi.

"Mama Phelister."

"Eh."

"Pole na kazi."

Nasambu aliacha kufua. Alijinyoosha, akamtazama usoni, kisha mikononi.

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Umekosea nambari, umetuma ile pesa kwa mtu."

"Pesa iko. Nasema tu pole. Na kazi."

Nasambu alimtazama tena, muda mrefu kidogo, macho yake yakabadilika, akayarudisha haraka kwenye karai. "Kama huna la kufanya, shika upande huu," akasema. "Hili blanketi limenizidi."

Kweyu alishika. Walisimama kila mtu na ncha yake, wakaanza kulikamua. Maji hayakutoka.

"Baba Phelister! Unazungusha ninakozungusha mimi. Hivyo tunacheza ngoma. Wewe kule, mimi huku."

Akageuza. Maji yakaporomoka miguuni mwao, mengi, ya kijivu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhania. Viganja vilimuuma, na jasho likaanza kumtoka.

Hapo ndipo Ng'ang'a alipokatiza uani na kreti ya mkate kichwani. Aliwaona, hakusita, hakutafuta neno.

"Poleni na kazi!"

Lilikuja safi, ting, bila hewa ndani. Kweyu alikuwa na jibu lake tayari, alikuwa amelitunza miezi mitano, lilikuwa limeshafika ulimini. Akamtazama mkewe. Nasambu alikuwa akiendelea kukamua, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepisha salamu isiyo yake.

Kweyu akaendelea kukamua naye.

"Jibu basi," Nasambu akasema. "Unaambiwa."

"Amesema poleni," Kweyu akasema. "Anza wewe."

Nasambu aliinua uso, akamtazama mumewe, akamtazama Ng'ang'a na kreti yake. Alipangusa povu kwenye paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

"Mimi bado sijapoa," akamwambia Ng'ang'a. "Kuna blanketi lingine ndani."

Kweyu akaenda kulileta.